Sinyati na Mashine ya Herufi za Kijani

Daktari wa macho alimaliza kumpima Sinyati saa nne kasoro robo, siku ya Alhamisi, akazima kitochi chake na kumwambia kwamba jicho la kulia limepona, linaona kama la msichana wa miaka ishirini. Sinyati alikuwa na miaka sitini na moja. Kwa miaka minne mtoto wa jicho alikuwa amemfunikia dunia kwa kitu kama maziwa yaliyomwagika kwenye kioo, na sasa, mwezi mmoja baada ya upasuaji, maziwa yale yalikuwa yamefutwa.

Alitoka hospitali akiwa amemtangulia binti yake. Nalepo, ambaye ni nesi na anakaa Kijenge, alikuwa ameomba ruhusa kazini siku mbili ili azunguke na mama yake mjini kabla hajarudi Olkokola, kule nyuma ya Mlima Meru, kwenye ng'ombe na maharage yake. Alikuwa amepanga kila kitu. Kwanza viatu, maana vya Yeyo, yaani mama, vilikuwa vimeisha visigino. Halafu chakula cha mchana mahali pazuri penye meza za nje. Halafu picha.

Ambacho hakukipanga ni kwamba mama yake angesoma kila kibao.

"Duka la dawa baridi," Sinyati alisoma, kwa sauti, wakiwa wanapita. "Tunauza gesi, tunaleta mpaka nyumbani. Saluni ya kike na kiume. Hairuhusiwi kukojoa hapa, faini elfu hamsini."

"Yeyo, polepole basi. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Mimi nilikuwa siwaoni."

Walikatiza mtaa mmoja mdogo wa Kijenge ili kukwepa jua. Sinyati akaendelea: chipsi, vocha, fundi cherehani, fundi simu na laptop. Hapo akanyamaza. Nalepo alitembea hatua tano nzima ndipo akagundua kwamba yuko peke yake. Aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya kibaraza cha yule fundi simu, mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika kidevu, akikitazama kisanduku cha chuma cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Juu ya kisanduku palikuwa na kopo la maua.

"Fundi!" Sinyati aliita. "Hebu toka."

Akatoka kijana mmoja mnene mwenye miwani, bisibisi ndogo ikiwa mdomoni. Jina lake Allen. Aliitoa bisibisi na kumwamkia.

"Marahaba. Kwa nini umeweka maua juu ya kompyuta?"

Allen alicheka, kisha akamtazama vizuri yule mama: shuka jekundu begani, shanga za masikioni, vumbi la Olkokola bado liko kwenye viatu. "Mama, wewe ni mtu wa kwanza kuijua. Wengine wote wananiuliza kama ni dekoda."

"Dekoda ina matundu mawili ya diski?" Sinyati aliinama, akaondoa kopo la maua, akaliweka chini kwa heshima. Kwa kidole akapapasa uso wa kile kisanduku: tundu la kushoto, tundu la kulia, vile vilango vidogo vya plastiki vinavyogeuzwa kwa kidole gumba. Kimoja kilikuwa kimevunjika. Cha pili alikigeuza, kikalia *tak*, na Nalepo akamwona mama yake anashtuka kwa furaha, kama mtu aliyeguswa bega na rafiki sokoni.

"Inawaka?"

"Hiyo imekufa, mama. Ndani hamna kitu, nimeshatoa vyuma. Lakini ingia uone."

Ndani, juu ya rafu, nyuma ya maganda ya simu, Allen alikuwa na vitu vyake vya kale. Hakuviuza, alivipenda tu. Kulikuwa na kompyuta ya kubeba yenye uzito wa ndoo ya maji, na kibodi ya rangi ya majivu. Kulikuwa pia na diski sita, zile pana na laini, nyembamba kama karatasi ngumu. Mbili kati ya hizo Allen alikuwa anawekea kikombe cha chai.

"Toa hicho kikombe," alisema Sinyati, na Allen akakitoa mara moja, kama mwanafunzi.

Nalepo alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Hadithi ya kompyuta aliijua tangu utotoni. Wote nyumbani waliijua: kwamba kabla ya ng'ombe, kabla ya mashamba, mama alikuwa sekretari wa mradi wa maji uliokuwa na ofisi hapa hapa Kijenge, na kwamba alikuwa anaendesha kompyuta wakati ofisi nyingi za Arusha zilikuwa bado zinapiga taipureta. Baba yao, mzee Thomasi, aliisadiki kwa sababu alimwoa mwanamke huyo. Watoto walikuwa wanaitikia tu, ndiyo Yeyo. Lakini kwa miaka ya hivi karibuni macho yalipoziba, mama huyo huyo hakuweza hata kupokea simu ya kupapasa bila kuikata, na wajukuu walikuwa wanamwambia, "Bibi, lete tukubonyezee." Kidogo kidogo hadithi ya kompyuta ikageuka kitu cha kutabasamia.

"Natafuta inayowaka," Sinyati alimwambia Allen. "Yenye herufi za kijani. Nataka huyu binti yangu aone kabla sijarudi Olkokola."

"Yeyo, na viatu?"

"Viatu vitakuwepo hata kesho."

Allen aliweka bisibisi mezani. "Kuna mzee anakaa Njiro," alisema. "Mzee Elihuruma. Alikuwa fundi wa mashine za ofisi miaka thelathini. Amejaza gereji nzima, na kwake zinawaka. Hata watalii huwa wanaenda. Wakitoka kuangalia twiga, wanaenda kuangalia kompyuta za mzee." Tayari alikuwa ameshapiga simu. "Shikamoo mzee. Nina mgeni wako hapa. Hapana, si mzungu. Ni mama mmoja kutoka Olkokola. Amenigombeza kwa kuweka chai juu ya diski." Akasikiliza, akacheka, akakata. "Amesema njooni sasa hivi."

Walichukua bajaji. Njia nzima Sinyati hakusoma kibao hata kimoja. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, na Nalepo akaona vidole vya mama yake vinachezacheza, kila kimoja kwa zamu yake, vikigonga kitambaa cha gauni.

*

Nyumba ya mzee Elihuruma ilikuwa na ukuta na geti jeusi kama nyumba nyingine zote za mtaa ule. Gari dogo jeupe lilikuwa nje ya gereji, limefunikwa turubai, maana ndani hakukuwa na nafasi yake tena. Aliyewafungulia alikuwa mke wa mzee, Mama Aika, mwanamke mfupi mchangamfu mwenye aproni.

"Karibuni jamani. Mmekuja kwenye makaburi ya mume wangu?" alisema, akiwashika mikono. "Miaka kumi na miwili gari langu linalala nje. Piteni, piteni. Nimeinjika mtori wa ndizi, hamwondoki bila kula."

Mzee Elihuruma alitokea akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limechomekewa, kalamu tatu mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana huyu wa Machame wapi na yule wa Olkokola upande gani, alisukuma mlango wa gereji.

Sinyati hakuingia. Alisimama kizingitini.

Rafu zilipanda mpaka darini, pande tatu zote. Kulikuwa na taipureta kumi na kitu, mashine za kujumlishia zenye mpini wa kuvuta, simu za kukoroga. Halafu zilianza kompyuta. Nyingine zilikuwa nene na za chuma, nyingine ndogo zenye kibodi na mashine katika ganda moja, za kuunganisha kwenye televisheni. Vioo vilikuwa vimevimba kama macho ya chura. Kila moja ilikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono mzuri: ilitoka ofisi gani, iliharibika nini, ilitengenezwa lini. Nyingi zilikuwa zimeokotwa, mzee alieleza. Ofisi zilikuwa zinatupa, na yeye anapita na mkokoteni. Moja aliinunua kwa mtu aliyekuwa anafugia sungura ndani ya ganda lake.

"Ile," alisema Sinyati.

Alikuwa anaonyesha pembeni, kwenye meza yake yenyewe, chini ya kitambaa alichokifuma Mama Aika. Mzee alikiondoa. Kisanduku cha chuma, matundu mawili, kibodi nzito yenye waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe.

"Hii ndiyo mashine niipendayo," mzee alisema. "Niliirudishia uhai mwaka juzi. Pawa yake ilikuwa imeungua, nikaibadilishia vipande vinne. Subiri."

Aliwasha stabilaiza kwanza, akangoja taa, kisha akafikia nyuma ya mashine na kubonyeza swichi kubwa nyekundu. Feni ilianza kuvuma. Kioo kilibaki cheusi kwa muda mrefu, mpaka Nalepo akadhani kimekufa. Halafu kona ya juu zikaanza kupanda namba, moja baada ya nyingine, za kijani. Kijani chenyewe, kile cha majani ya maharage baada ya mvua. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, *pip*, na tundu la kushoto likaanza kunguruma, gru, gru, gru.

"Ee Mungu wangu," Sinyati alisema, na akaingia.

Kwenye kioo yalitokea maneno ya Kiingereza: leo ni tarehe moja Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini. Ingiza tarehe mpya. Mzee Elihuruma alinyoosha mkono kubonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, ili kupita.

"Ngoja!" Sinyati aliushika mkono wake, kisha akauachia kwa aibu. "Samahani kaka. Lakini unaipa tarehe kweli?"

"Mimi napita tu. Haina betri ya kutunza tarehe, kila siku inaamka mwaka themanini."

"Sasa faili zitakaa na tarehe ya uongo. Utazipangaje?" Akavuta kiti. Hakuomba. Alikaa, akasogeza kiti mbele, akanyoosha mgongo, akashusha shuka begani mpaka kiunoni ili mikono iwe huru. Akaandika tarehe ya siku ile, siku, mwezi na mwaka kamili, akabonyeza. Mashine ikauliza saa. Akageuka, "Saa ngapi?" Nalepo akamwambia. Akaandika na saa.

Mzee Elihuruma alikuwa ameanza kumtazama kwa namna nyingine. Alikwenda kwenye kisanduku cha mbao, akarudi na diski moja kwenye mfuko wake wa karatasi. "Mama, nikuulize kitu. Hii ni programu ya kuandikia barua. Niliipata pamoja na mashine. Inafunguka, lakini ikishafunguka mimi sijui la kufanya. Inaniletea orodha ndefu ya herufi tu."

"Wewe si fundi?"

"Mimi ni fundi," mzee alisema, na akacheka mwenyewe. "Kazi yangu ilikuwa kufungua kifuniko. Nilikuwa naingia ofisini, nasafisha, nachomelea, najaribu kama inawaka, naondoka. Waliokuwa wanajua inafanya nini walikuwa masekretari. Na hao sijawahi kumwona hata mmoja aliyekuja hapa. Wanakuja wanafunzi, wanakuja wazungu, wanapiga picha kioo kikiwa kinawaka. Basi. Miaka yote hii mashine zinawaka na hakuna mtu wa kuziandikia."

Sinyati aliichukua ile diski kwa ncha za vidole, pembeni, bila kugusa lile dirisha la katikati ambalo halitakiwi kuguswa. Alisoma lebo. Akaibusu. Nalepo aliona kwa macho yake.

"Hii hii," alisema. "Hii hii niliitumia miaka tisa."

Aliiingiza tunduni, akafunga kile kilango, *tak*, akaandika herufi mbili na kubonyeza. Gru, gru. Orodha ikatokea, juu mpaka chini. Sinyati hakuisoma. Alibonyeza D, akaipa faili jina, na ukurasa ukafunguka, mtupu, mweusi, na kijistari cha kijani kikipepesa juu kushoto.

Hapo alisita. Mikono ilikuwa juu ya kibodi, vidole vimejikunja vizuri, lakini havikushuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulionyesha woga. Ilikuwa imepita karibu miaka thelathini. Mradi ulipofungwa alikuwa amezunguka na cheti chake cha uhazili kwenye ofisi mbili, tatu, akaambiwa mashine sasa ni nyingine, programu ni nyingine, vijana wapo. Alirudi Olkokola na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Vidole hivi vilikuwa vimekamua ng'ombe kila siku tangu wakati huo.

"Yeyo," Nalepo alisema taratibu, "andika jina lako tu."

"Jina langu?" Sinyati alisema. "Sekretari haandiki jina lake. Anaandika barua."

Vidole vikashuka.

Nalepo anasema hataisahau sauti ile. Kibodi ilikuwa ya chuma ndani, kila kitufe kinagonga, na mama yake alikuwa anagonga kwa vidole vyote kumi, bila kuvitazama, macho yamekaza kwenye kioo, jicho lililopona na lile ambalo bado. Ilikuwa kama mvua ya mawe kwenye bati. Kumbukumbu namba. Anwani. Tarehe, upande wa kulia, imekaa mahali pake. Alipokosea alikuwa anashika kitufe cha kontroli kwa kidole kidogo na kugonga S, kijistari kinarudi nyuma. Kontroli na D, kinakwenda mbele. Aligonga kontroli P, kisha B, akaandika kichwa cha habari, akagonga tena, na mzee Elihuruma akapiga makofi mara moja, pa!

"Hiyo ndiyo ya kukoleza?"

"Ndiyo ya kukoleza. Hapa huioni, utaiona ikitoka kwenye printa. Printa unayo?"

Printa ilikuwepo. Ilikuwa mashine pana, yenye karatasi inayokuja imeunganika kama mkeka uliokunjwa, matundu kando kando. Utepe wake ulikuwa umekauka, mzee akauloweka kwa wino wa mhuri, lakini ilikuwa haijawahi kutoa kitu. Alikuwa ameshaifungua mara tano na hakuona ubaya wowote.

Sinyati alihifadhi barua yake, kontroli, K, D, kwa haraka ya mtu anayefunga kifungo cha shati. Akaiambia mashine ichapishe. Diski ilinguruma. Halafu kimya. Printa ilikaa imenuna.

"Unaona?" mzee alisema. Sauti yake ilishuka. "Hapo ndipo ninapokwama."

Sinyati aliinuka, akainama juu ya printa. Aliangalia karatasi: meno yalikuwa yameshika matundu. Aliangalia utepe. Akaangalia taa ndogo za mbele, tatu. Mbili zilikuwa zinawaka. Akacheka kicheko kirefu cha kutoka tumboni, mpaka akashika meza.

"Kaka! Haijaunganishwa mawasiliano. Kila ukiweka karatasi inajitoa yenyewe kwenye mawasiliano na kompyuta, lazima uirudishe." Akabonyeza kitufe kimoja. Taa ya tatu ikawaka.

Printa ililipuka. Hakuna neno jingine. Kichwa chake kilikwenda kushoto na kulia kikipiga yowe, meza ikatetemeka, kalamu zikadondoka, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mama Aika alitoka jikoni mbio akiwa na mwiko mkononi, akiuliza kwa sauti kubwa kitu gani kinaungua.

"Hakuna kinachoungua!" mzee Elihuruma alipiga kelele juu ya kelele. "Inaandika! Mama Aika, inaandika!" Na mzee yule mwenye kalamu tatu mfukoni akamshika mkewe mikono yote miwili, pamoja na mwiko, akamzungusha katikati ya gereji.

Karatasi ilipanda taratibu. Sinyati aliikata mahali pake, akachana zile kingo zenye matundu kwa mvuto mmoja kila upande, akaikunja mara tatu kama barua ya ofisi, na kumkabidhi binti yake kwa mikono miwili.

Nalepo alifungua. Wino ulikuwa wa rangi ya zambarau, ule wa mhuri, lakini kila herufi ilisomeka. Baada ya anwani na tarehe iliandikwa hivi:

*Ndugu Nalepo Thomasi,*

*YAH: KUTHIBITISHA KWAMBA NILIKUWA NASEMA KWELI*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Napenda kukufahamisha kuwa mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ya mradi wa maji, Kijenge, nikiendesha mashine kama hii. Nilifanya kazi hadi siku mbili kabla ya kujifungua, tumbo likiwa limegusa kibodi. Ulikuwa ukipiga teke nikitaipu haraka.*

*3. Barua ya kuomba mabomba ya Olkokola niliiandika mimi, nakala nne. Maji mnayokunywa nyumbani yalitokana na barua hiyo.*

*4. Naomba wajukuu wajulishwe.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*

*Sinyati Mollel*
*Sekretari*

Nalepo alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Alitaka kucheka kwa ile namba nne na akashindwa. Kwenye lile bomba alikuwa akichota maji tangu ana miaka mitano. Alijua lilikuja na wazungu. Hakuna aliyewahi kuuliza nani aliandika barua.

"Hukuwahi kusema habari ya maji," alisema.

"Nilisema kompyuta, mkacheka," Sinyati alijibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amesharudi kwenye kiti. "Kaka Elihuruma, hii programu inaweza kuhamisha aya nzima kutoka chini kwenda juu. Njoo nikuonyeshe. Unaweka alama hapa, kontroli K B. Halafu hapa, kontroli K K."

Mzee alichomoa kalamu moja mfukoni, akatafuta daftari, akavuta stuli, akakaa karibu yake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Polepole, mama. K B, halafu?"

Mtori uliliwa gerejini, bakuli juu ya magoti, kwa sababu Sinyati hakukubali kuondoka kwenye mashine. Mama Aika aliweka sharti moja tu, kwamba bakuli lisikae juu ya diski. Kila mtu aliandika barua. Mama Aika aliandika ya kulalamikia gari lake kulala nje, na Sinyati akamsaidia kuipa vifungu sita na nakala kwa mchungaji. Printa ilipiga yowe mara tisa mchana ule. Mbwa wa jirani alichoka, akanyamaza.

Walipokuwa wanaaga, mzee Elihuruma aliwasindikiza mpaka getini, na kabla ya kufungua alisimama.

"Mama Nalepo, sina cha kukulipa. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huwa nafungua kwa wageni. Ungekuja ukae pale mezani. Mimi niseme ya ndani ya kifuniko, wewe useme ya kwenye kioo."

"Jumamosi ni siku ya mnada kwetu," Sinyati alisema.

Nalepo alimtazama mama yake, akaogopa kwamba atakataa.

"Mzee Thomasi atauza hao mbuzi mwenyewe," Sinyati akamalizia. "Naye anajua kuhesabu. Nitakuja. Lakini hiyo kadi ya mashine nitaiandika upya. Umeandika pawa na waya tu. Hujaandika kazi."

Bajaji haikuwa imefika hata mwisho wa mtaa, akaomba simu ya Nalepo. Alikuwa anakumbuka namba moja kwa kichwa, ya Eunike, sekretari wa ofisi ya pili ya mradi ule, ambaye sasa anakaa Tengeru na kufuga kuku. Simu ilipopokelewa hakusalimia vizuri.

"Eunike! Unakumbuka kontroli K D?"

Nalepo alisikia kelele za furaha upande wa pili.

Mwezi uliofuata walikuja wawili. Mwezi wa tatu walikuwa wanne. Eunike aliwafuma wengine wawili kanisani, mmoja akiwa amestaafu benki na mwingine alikuwa hajagusa kibodi tangu ofisi yao ilipopata Windows. Wanakaa kwa zamu kwenye ile meza, nywele zimefungwa vitambaa, na wageni wanaokuja kutazama vioo wanakaa wakisubiri barua zao ziandikwe. Wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa mjini walikuja na kamera, wakauliza ni nani kati yao alikuwa na kasi zaidi enzi hizo. Lilikuwa kosa. Sinyati alisema maneno themanini kwa dakika. Eunike alisema themanini na tano. Mzee Elihuruma alitafuta saa yenye mshale wa sekunde, Mama Aika akaja na kiti, na wote wawili wakaomba nafasi ya kupasha vidole joto kwanza.